UZI: Tukisema "feki" tunamaanisha nini? Historia kutoka mpakani Busia

1/ Kila msimu wa siasa ukikaribia, lazima mtu apande juu ya gari hapa Busia na kunyooshea mpaka kidole: "Feki zinaingilia hapa! Tutafunga!" Wiki inayofuata anakuja mwingine, mahali pale pale: "Waacheni wananchi wauze wapate riziki!" Wote wawili wanapigiwa makofi, na mara nyingine makofi yanatoka kwa watu wale wale.

Mmeniuliza sana inbox nieleze hii stori ya feki. Haya, leo tukae chini. Sheria za hapa mnazijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Tunaongea kuhusu jambo lenyewe.

2/ Nianze nyumbani. Mjomba wangu ni mvuvi Osieko, ule ufuo wa Bunyala unaotazama Ziwa Victoria. Miaka kadhaa iliyopita alinunua plagi mbili za injini ya mashua, moja ya kutumia na moja ya akiba. Pakiti ilikuwa na jina lenyewe, rangi zenyewe na maandishi ya Kijapani yenyewe. Bei ilikuwa chini kidogo tu ya ile aliyoizoea, kwa hivyo hakushuku kitu.

3/ Injini ikazima usiku, maji yakiwa yamechafuka. Akaweka ile plagi ya akiba, na kwa kuwa ilitoka duka lile lile, nayo ikafa. Walipiga makasia mpaka alfajiri. Mtu hakufa, tunashukuru, lakini nyavu waliziacha huko, na nyavu zile zilikuwa za mkopo.

Aliporudi dukani, mwenye duka akamwambia, "Mzee, hata mimi niliuziwa hivyo." Na pengine alisema kweli.

4/ Baadaye tukiwa tunaangalia habari, wakaonyesha rundo la bidhaa feki likiteketezwa, na maafisa wamejipanga wapigwe picha. Mjomba akatazama mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Sasa na mimi je?"

Uzi huu wote ni jaribio langu la kumjibu. Ilibidi nirudi nyuma sana.

5/ Kwanza, neno. "Feki" tumelitoa kwa Kiingereza, na tumelifanya gunia la kutupia kila kitu. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimepanga vizuri. Kuna BANDIA, kitu kilichofanywa kifanane na kingine, kama mtoto wa bandia anayechezewa na watoto. Kuna GHUSHI, ambapo mtu amechanganya au kugeuza kitu ili adanganye. Kuna HAFIFU, kitu cha kiwango cha chini hata kama hakikuiba jina la mtu. Na kuna MAGENDO, bidhaa inayoweza kuwa halisi kabisa ila imekwepa ushuru.

Shikeni hayo maneno manne. Tutayahitaji.

6/ Sasa historia. Kuiga bidhaa yenye jina hakukuja na Mchina. Karne ya 19 nguo iliyotamba pwani yetu na bara ilikuwa pamba nzito isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, ikiletwa Zanzibar na meli za Salem. Marekani na Sultani wa Maskati, aliyetawala pia Zanzibar, waliwekeana mkataba wa biashara mwaka 1833. Nguo yenyewe watu wakaiita merikani. Misafara iliibeba hadi maziwa makuu, na kwingi ilitumika kama pesa.

7/ Waingereza wakaona soko linawapita. Viwanda vyao vikajaribu kutoa nguo ya kufanana nayo, lakini wanunuzi wa Afrika Mashariki hawakudanganyika kirahisi. Walijua uzito, walijua ufumaji, na wasipoona sifa hizo wanakataa. Mwafrika wa bara anayedhaniwa hajui kitu alikuwa mteja mgumu kuliko wengi wetu leo.

Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865) vikakata pamba. Baadaye viwanda vya Bombay vikajaza pengo. Ila jina halikubadilika. Ukifungua kamusi leo, merikani ni pamba isiyopaushwa, iwe imetoka Marekani au la. Jina liliachana na mahali lilikozaliwa, na hakuna aliyelia.

8/ Hapa kuna jambo la kuweka akilini. Nguo ya Bombay ilivaliwa, ikafanya kazi ya nguo, na mnunuzi akapata alichokitaka. KUIGA huko hakukumwibia mnunuzi. Shida ya mjomba na plagi ni nyingine: alipewa ahadi na pakiti, na ahadi hiyo ilikuwa uongo.

9/ Twende Ulaya kidogo, kwa sababu kuna watu hudhani feki ni tabia ya mataifa fulani. Mwaka 1887 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya alama za bidhaa. Sababu mojawapo? Visu na makasi ya Kijerumani ya bei nafuu yaliyokuwa yakiuzwa kana kwamba yametoka Sheffield. Sheria ikalazimisha bidhaa za kigeni zenye alama za kupotosha zionyeshe zimetoka nchi gani. Yale maneno "Made in Germany" yaliwekwa yawe aibu.

10/ Leo ukimwona fundi wa Malaba anauza spea ya Kijerumani, anaongeza bei na kifua anakitoa mbele. Japani nayo, baada ya Vita Vikuu vya Pili, ilidharauliwa kwa vitu vya rahisi vya kuiga. Leo neno "Mjapani" kwa makanika wetu maana yake ni orijino. Kwa hivyo ukisikia mtu jukwaani akisema taifa fulani "ni wa feki tu", jua anakupa picha ya siku moja katika sinema ndefu.

11/ Sasa turudi mpakani. Huu mpaka wenyewe ni mgeni kuliko watu wake. Kabla ya 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi karibu na Naivasha. Mwaka huo Waingereza wakauhamishia upande huu, na mwaka 1926 amri kutoka London ikauandika mpaka rasmi. Wateso wakawa huku na huko. Wasamia wakawa huku na huko. Mtu akawa na shamba Kenya na shangazi Uganda.

Kwa hivyo kuvuka na kitu mkononi, kwetu, ni jambo la kawaida tangu zamani. Serikali ndiyo ilikuja baadaye na kusema baadhi ya kuvuka huko ni kosa.

12/ Miaka ya 1960 vijana wa baiskeli wakaona kuna kazi: vituo viwili vya mpaka vilikuwa mbali kidogo, na mtu mwenye mizigo anachoka. Wakawa wanaita abiria kwa Kiingereza cha njiani, wakisema wanapeleka mpaka kwa mpaka, na sikio likaligeuza kuwa BODA BODA. Neno linalotumika Afrika Mashariki nzima lilizaliwa kwenye hiki kipande cha barabara. Busia imeipa dunia kitu orijino, msisahau.

13/ Kisha ikaja miaka ya 1970. Uganda chini ya utawala wa kijeshi iliwafukuza Waasia mwaka 1972. Viwanda vikafa kimoja kimoja, na sabuni, chumvi na sukari vikawa vya kutafutwa kwa tochi. Julai 1975 baridi kali ikaua mibuni Brazili, bei ya kahawa duniani ikapaa. Mkulima wa Uganda alikuwa na kahawa, lakini serikali yake ilimlipa kidogo, na hata akilipwa dukani hakuna kitu. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na wanunuzi na sabuni.

Nadhani mnajua kilichofuata.

14/ Kahawa ikavuka kwa gunia. Chepkube, upande wa Mlima Elgon, ikawa jina la utajiri wa ghafla. Hapa Busia na Malaba nako hawakulala. Neno la enzi hiyo lilikuwa magendo, na Uganda nzima ililijua. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, kwa hivyo hata ile njia halali ikawa nyembamba zaidi.

15/ Nyanya yangu aliuza sabuni miaka hiyo. Alikuwa akisimulia jambo moja ambalo nimelielewa nikiwa mtu mzima. Sabuni ya mche ilikatwa vipande, na jina la kiwanda lilikuwa limegongwa katikati. Kipande chenye mhuri kilinunuliwa haraka na kwa bei ya juu. Kipande cha pembeni, cha mche ule ule, kilibaki kibandani. Na wao upande wao walikuwa wakichoma gunia la kahawa kwa chuma kuangalia kama kuna mawe ndani.

16/ Ona hapo. Bidhaa zote mbili ni magendo, lakini ndani ya magendo yenyewe watu walitofautisha cha kweli na cha uongo. Mhuri kwenye sabuni haukuwa urembo. Ulikuwa dhamana ya mtu usiyemjua kwa mtu asiyekujua. Ndiyo maana mwizi wa kwanza wa soko huwa haibi sabuni, anaiba mhuri.

17/ Miaka ya 1990 mlango ukafunguliwa. Kenya ikaondoa leseni za kuagiza bidhaa, kwa shinikizo la wakopeshaji. Mitumba ikajaa, vitu vya plastiki vikajaa, redio zikashuka bei hadi mwanafunzi akaweza kumiliki. Tusidanganyane: maisha ya wengi yalipata nafuu. Familia ambayo haijawahi kuwa na saa ukutani ikapata saa, hata kama jina lake lilikuwa limeongezwa herufi moja.

18/ Lakini kulikuwa na upande wa pili. Nakuru kulikuwa na kiwanda cha betri za Eveready tangu 1967. Zile betri za redio na tochi, watu wa umri wangu mtazikumbuka, mliziweka juani zipate nguvu ya mwisho. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa, na kampuni ikataja ushindani wa betri rahisi kutoka nje. Sikiliza vizuri: betri RAHISI. Betri rahisi yenye jina lake yenyewe haivunji sheria. Betri iliyovaa jina la Eveready ndiyo bandia. Jukwaani zote mbili huitwa feki, na mwenye kiwanda hufurahia mchanganyiko huo, kwa sababu unamfanya mshindani wake halali aonekane mhalifu.

19/ Sheria zetu zikaja kwa awamu. Shirika la viwango, KEBS, lilianza mwaka 1974: kazi yake ni ubora. Mwaka 2008 bunge likapitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, iliyozaa taasisi ambayo leo ni Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Adhabu si mchezo: kosa la kwanza, hadi miaka 5 jela, au faini isiyopungua mara 3 ya thamani ya bidhaa halisi, au vyote viwili. Ukirudia, jela inafika miaka 15 na faini inaanzia mara 5.

20/ Isomeni lakini ile sheria ya 2008, msisikilize tu hotuba. Katikati yake yuko MWENYE CHAPA. Bidhaa ni ghushi kwa sababu imetumia haki ya mwingine bila ruhusa yake. Ni sawa, aliyejenga jina kwa jasho astahili kulindwa. Ila mjomba hayumo katikati. Yeye ni sababu inayotajwa kwenye utangulizi wa hotuba, kisha mlango unafungwa yeye akiwa nje.

21/ Mfano wa kwanza: simu. Mnakumbuka zile simu za Mchina? Laini mbili, tochi, spika ya kusikika kijiji cha pili. Kampuni kubwa zilichelewa kuamini kwamba mtu maskini anahitaji laini mbili, wale waigaji wakaamini mapema. Lakini nyingi zilivaa majina ya watu, na hazikuwa na namba halali ya IMEI, kwa hivyo simu ikiibwa au ikitumiwa kwa uhalifu ni vigumu kuifuatilia. Sababu ya kuzikataa ilikuwepo.

22/ Mwisho wa Septemba 2012 zikazimwa Kenya. Simu zaidi ya milioni moja. Tanzania ikafanya vivyo hivyo Juni 2016. Swali langu ni dogo: nani alilipa? Aliyeziagiza kwa kontena alikuwa ameshauza. Mwenye duka alikuwa ameshauza. Aliyebaki na kipande cha plastiki kisichoita ni yule aliyelipa pesa taslimu akidhani amenunua simu.

23/ Mfano wa pili ni mzito zaidi: dawa. Ile sheria ya 2008 ilieleza "ghushi" kwa upana kiasi kwamba dawa za jenerali, yaani dawa halali zenye kiungo kile kile ila bila jina kubwa, zingeweza kuingizwa humo. Wakenya 3 wanaoishi na virusi vya UKIMWI wakaenda Mahakama Kuu. Dawa walizokunywa kila siku zilikuwa za jenerali. Zikikamatwa bandarini kwa jina la "feki", wao wanakufa.

24/ Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu hivyo, kwa jinsi vilivyoandikwa, vilitishia haki yao ya uhai, utu na afya, na kwamba haki ya mwenye chapa haiwezi kutangulia uhai wa mgonjwa. Mimi huwa naona hiyo ndiyo hukumu muhimu kuliko zote katika mjadala huu, na karibu hakuna anayeitaja kwenye mikutano.

25/ Msinielewe vibaya. Dawa za uongo zipo na zinaua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni hafifu au ya kughushi. Lakini mwaka huo huo shirika hilo likabadilisha lugha yake: likaacha kusema dawa "ghushi" kwa maana ya chapa, likaanza kusema "hafifu" na "za uongo". Yaani dunia nzima ilikaa chini ikakubali kwamba neno moja lilikuwa linachanganya ugomvi wa majina na usalama wa mgonjwa. Sisi huku bado tunapiga kelele na neno moja.

26/ Mfano wa tatu, shamba. Utafiti uliochapishwa 2017 ulinunua mbolea na mbegu katika maduka ya Uganda na kuzipima. Mbolea ilipungukiwa wastani wa asilimia 30 ya nitrojeni, na katika mbegu za mahindi zilizoitwa chotara, za kweli zilikadiriwa hazifiki nusu. Mkulima akipanda hizo, mavuno yanakuwa madogo, halafu anaambiwa yeye ndiye hajui kulima kisasa. Mwaka unaofuata anarudi kwa mbegu ya kienyeji. Tena ana akili kabisa kufanya hivyo.

27/ Lakini kuna kinyume chake. Tanzania, eneo la Morogoro, watafiti walipima urea iliyouzwa madukani na wakakuta karibu yote ni nzuri. Wakulima hata hivyo waliamini imechakachuliwa, hasa wakiona imeshikamana mabonge. Kwa hivyo uvumi wa feki nao ni hasara: mtu anaacha kununua kitu kizuri. Kila mwanasiasa anayepaza sauti "kila kitu hapa ni feki" bila kupima, anamnyima mkulima mbolea sawasawa na yule mwizi.

28/ Halafu mwaka 2024, Kenya, mbolea ya ruzuku. Mifuko iliyouzwa kwa wakulima ikapatikana haina kile kilichoandikwa. Nchi nzima ikasema "mbolea feki". Sasa chukueni yale maneno yetu manne. Iliiga jina la mtu? Hapana. Ilikuwa magendo? Hapana, iliuzwa mchana, kwenye bohari za umma. Ilikuwa HAFIFU na GHUSHI kwa maana ya kale ya kudanganya. Ungefunga mpaka wa Busia kwa ukuta wa chuma, isingezuia hata mfuko mmoja.

29/ Na ona tofauti: safari hiyo serikali iliahidi kuwafidia wakulima. Kwa mara moja, mjadala ukamgusa mnunuzi. Kwa nini? Kwa sababu wakulima walikuwa wengi, walikasirika pamoja, na muuzaji alijulikana. Mjomba alikuwa mmoja, usiku, ziwani.

30/ "Lakini wewe wa Busia unatetea mpaka wenu." Haya, tuuongelee. Ndiyo, kuna njia za panya. Ndiyo, vitu vya uongo hupita huku, tena pande zote mbili. Lakini plagi haitengenezwi Malaba. Bidhaa ghushi nyingi duniani hutengenezwa Asia na kusafiri kwa meli, ndani ya kontena, zikiwa na karatasi. Zikifika kwa mama anayevuka na mfuko kichwani, zimeshapita mikono mingi yenye tai.

31/ Kituo cha pamoja cha mpaka hapa Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, mtu akaguliwe mara moja badala ya mbili. Na Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizoorodheshwa na zilizotoka nchi wanachama, una cheti chepesi cha asili. Huo ndio mwanga unaotakiwa. Mama akipita mlangoni na karatasi, ukikuta kitu kibaya unaweza kumuuliza amekitoa wapi. Ukimfukuza akapitia mahindini, umepoteza shahidi.

32/ Sasa nimjibu mjomba. Katiba ya 2010, Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari, na haki ya FIDIA kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012. Kuna mahakama za madai madogo, zinazosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na kutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Kwenye karatasi, mjomba ana nchi nzima nyuma yake.

33/ Kwenye ufuo hana risiti. Aliyemuuzia naye hana risiti ya aliyemuuzia. Mnyororo wote umekatika mahali ambapo ulipaswa kuandikwa. Ndiyo maana moto unapendwa sana: kuchoma rundo hakuhitaji kumjua aliyelileta, wala aliyeumizwa nalo. Picha inatosha.

34/ Kwa hivyo safari ijayo mtu akipanda juu ya gari aseme "feki", muulizeni haya, kwa heshima:

Unaongelea bandia, ghushi, hafifu au magendo?
Aliyeumia ni nani: mwenye chapa, hazina ya serikali, au mnunuzi?
Ikikamatwa, mnunuzi analipwa na nani?
Aliyeagiza kontena anaitwa nani, na kesi yake iko mahakama gani?
Na kile cha rahisi na halali, utakilinda au utakichoma pamoja na kibaya?

Asipojibu swali la tatu, basi hotuba hiyo haikuandikwa kwa ajili yako.

35/ Na sisi wanunuzi tusijitoe. Kuna vitu tunajua kabisa ni vya uongo na tunanunua kwa sababu viatu vyenye nembo vinapendeza kanisani. Hapo hatujadanganywa, tumeshiriki. Kiatu kikipasuka, unatembea pekupeku, basi. Lakini breki, plagi, dawa, mbegu, waya wa umeme: hapo usicheze. Omba risiti hata kama muuzaji ni shemeji yako. Mbegu nyingi Kenya zina stika ya kukwaruza, unatuma namba kwa simu unajibiwa kama ni ya kweli. Kwaruza kabla ya kulipa, usingoje ufike shambani.

36/ Mjomba bado anavua. Alimaliza kulipa zile nyavu mwaka wa pili. Siku hizi akinunua plagi anakuja na ile ya zamani mfukoni, anaziweka mbili kiganjani, anapima uzito, anaangalia chuma cha ncha, kisha anamwomba muuzaji aandike jina na namba ya simu kwenye karatasi. Wengine wanamcheka. Wengine wanakataa, naye anaondoka.

Anafanya vile mababu zetu walifanya na merikani. Ni sawa, lakini haikupaswa kuwa kazi yake peke yake.

37/ Nimemaliza. Kama umeuziwa kitu cha uongo kikakuumiza, andika hapa chini kilikuwa nini na ulifanyaje, bila kutaja duka. Kama wewe ni muuzaji na uliuziwa pia, andika, tunataka kusikia upande wako. Matusi na majina ya wanasiasa nafuta. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tuongelee ushuru wa mayai.